Saratani ya utumbo mpana: Maharage yavuka mpaka, mwenye mzigo ala chipsi

Na Mwandishi Wetu wa Masuala ya Kanda

KATIKA vituo vya mpakani vya Afrika Mashariki, kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga, Mutukula na Rusumo, chakula kinachopita kwa wingi ndani ya malori ni kile ambacho daktari yeyote wa utumbo angependa kukiona kwenye sahani ya mgonjwa wake: maharage, mahindi, mtama, ulezi, ndizi. Chakula kinacholiwa na watu wanaosubiri malori hayo yaruhusiwe kupita ni kingine kabisa. Ni chipsi na soseji, smoki iliyopasuliwa ikajazwa kachumbari, soda ya baridi, nyama choma ya jioni, na bia kadhaa za kusukuma usiku mpaka karatasi za forodha zitoke.

Mfanyabiashara hali hivyo kwa ulafi. Anakula kinachopatikana haraka, kinachoshibisha, na kinachoweza kuliwa huku jicho moja likiwa kwenye mzigo. Lakini mtu akiishi hivyo miaka kumi au ishirini, anajikuta amekusanya karibu orodha nzima ya mambo ambayo wataalamu wanayataja kuwa vihatarishi vya saratani ya utumbo mpana na njia ya haja kubwa.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Kwa mwaka 2022, shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani lilikadiria wagonjwa wapya wapatao milioni 1.9 na vifo zaidi ya 900,000. Kwa idadi ya vifo, ni saratani ya mapafu tu inayoutangulia. Kwetu ulizoeleka kuitwa ugonjwa wa Wazungu, au wa matajiri, au wa wazee, na majina yote matatu yanazidi kupitwa na wakati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopitia mafaili ya wagonjwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ulikuta idadi yao ikiwa imeongezeka takriban mara sita ndani ya miaka kumi. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na vipimo kuwa bora na watu wengi zaidi kufika hospitali. Hata hivyo vipimo peke yake havitoshi kueleza mara sita.

Kenya iliushuhudia ugonjwa huu hadharani. Februari 2019 Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alitangaza kwamba anaugua saratani hiyo na kwamba imefika hatua ya nne. Alifariki Julai 26 mwaka huo huo, akiwa na miaka 41. Mwaka uliofuata, Agosti, dunia ikampoteza Chadwick Boseman, mwigizaji mkuu wa filamu ya Black Panther aliyecheza pamoja na Lupita Nyong'o. Alikuwa na miaka 43, na alikuwa ameugua tangu 2016. Wote wawili hawakufikia umri ambao nchi nyingi huanza kuwaita watu kwa uchunguzi.

Si kila damu ni bawasiri

Hapa ndipo panapowaponza wengi, kwa hiyo tupazungumzie kabla ya chakula.

Mtu anayekaa kwenye kiti cha lori saa kumi kwa siku, au mama aliyejifungua mara nne na bado anabeba magunia, akiona damu chooni hana haja ya kuuliza. Anajua ni bawasiri. Wenzake nao wanajua ni bawasiri. Muuza dawa wa pale stendi anajua pia, na ana chupa yake tayari. Mara nyingi wote wako sahihi, kwa kuwa bawasiri ni ya kawaida kuliko saratani kwa mbali sana. Tatizo ni kwamba damu ya bawasiri na damu ya uvimbe wa utumbo haziji na vibandiko vya kuzitofautisha. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja: bawasiri anayoijua na uvimbe asioujua.

Kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria kuna kisingizio cha pili. Kichocho cha tumbo kimeenea huko, na chenyewe huleta damu kwenye kinyesi. Amiba nayo vivyo hivyo. Mgonjwa anapewa dawa za minyoo, anapewa dawa za amiba, anapata nafuu ya wiki mbili, anarudi barabarani. Damu ikirudi yuko upande mwingine wa mpaka, kwa mganga mwingine wa zahanati ambaye hana habari ya matibabu ya kwanza, na dozi inaanza upya. Mwaka unapita hivyo. Kila aliyemtibu alifanya jambo la maana kwa kile alichoelezwa siku hiyo. Ila hakuna hata mmoja aliyeiona safari nzima.

Kanuni ambayo madaktari wanaitoa ni rahisi. Damu inayoendelea zaidi ya wiki mbili au tatu, au inayorudi baada ya matibabu, inahitaji mtu achunguzwe njia ya haja kubwa kwa kidole na kwa kamera, si kuandikiwa dawa juu ya meza tu. Vivyo hivyo kwa choo kilichobadilika bila sababu kwa wiki kadhaa, kikawa chembamba, au kufunga na kuharisha kwa kupokezana. Hisia kwamba haja haijaisha hata ukitoka chooni. Kupungua uzito bila kufunga. Na upungufu wa damu kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. Huo wa mwisho unasahaulika sana. Uvimbe ulioko upande wa kulia wa utumbo hutoa damu kidogo kidogo, isiyoonekana kwa macho, na mtu hujikuta tu anachoka na kuhema akipanda ngazi. Anaongezewa damu, anaambiwa ale mboga za majani, na hakuna anayeuliza damu ilikuwa inakwenda wapi.

Muda ndio kila kitu katika ugonjwa huu. Kwa kawaida unaanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kinachoitwa polipu, na kinyama hicho huchukua takriban miaka kumi kugeuka saratani. Si polipu zote zinazogeuka, lakini zile zinazoondolewa mapema haziwezi kugeuka kamwe. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikikutwa bado imebaki ndani ya utumbo, wagonjwa takriban tisa kati ya kumi wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Ikikutwa imesambaa hadi kwenye ini au mapafu, wanaofikia miaka hiyo mitano hawafiki wawili kati ya kumi.

Alichokiona daktari wa Mulago

Wachache wanajua kwamba hoja ya chakula na saratani ya utumbo ilipata msukumo wake mkubwa hapa hapa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 na kwa muda mrefu alikuwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamkumbuka kwa uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake. Lakini alikuwa na swali lingine: kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, ikiwemo saratani ya utumbo mpana, yalikuwa adimu sana kwa Waafrika wa vijijini?

Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1971, lilikuwa nyuzinyuzi: lile kapi la nafaka, ganda la kunde na ufumwele wa mboga ambavyo tumbo haliwezi kuvisaga. Yeye na wenzake walipima hata kinyesi. Chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilikuwa kinapita mwilini kwa karibu siku moja na nusu, wakati cha Mwingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Burkitt aliona kwamba uchafu unaokaa muda mrefu unaugusa ukuta wa utumbo muda mrefu.

Wakosoaji wake walikuwa na haki kwa kiasi. Watu wachache wakati huo walifikia umri wa kuugua saratani hii, na waliougua wengi walizikwa bila kupimwa. Lakini kiini cha hoja kimesimama. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya jaribio ambalo mfanyabiashara yeyote angelielewa: walibadilishana bidhaa. Wamarekani Weusi 20 wa Pittsburgh walipewa chakula cha kijijini cha Afrika Kusini, chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakapewa chakula cha Kimarekani cha nyama na mafuta. Baada ya wiki mbili tu, dalili za hatari ndani ya utumbo wa Wamarekani zilipungua. Za wanakijiji zilipanda.

Wiki mbili ni muda ambao baadhi yetu tumewahi kukaa mpakani tukisubiri karatasi.

Kwa hiyo yule anayesafirisha magunia mia mbili ya maharage amekalia dawa yake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa karibu nusu au zaidi. Ugali wa dona unakupa sehemu nyingine, ambayo sembe nyeupe imekwisha kuipoteza mashineni. Mama lishe wengi wa mpakani wanapika maharage na mboga za majani kila siku, kwa bei iliyo chini ya chipsi kuku. Sahani hiyo imepata sifa mbaya ya kuwa chakula cha shuleni na cha jela, na mwenye biashara yake huona aibu kidogo kuonekana nayo mbele ya wateja. Hilo la aibu, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko yote.

Hapa nitoe angalizo moja, maana wafanyabiashara wa nafaka hulichanganya. Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania, sababu iliyotajwa ilikuwa sumukuvu, na wengi wakaanza kusema mahindi yanaleta saratani ya tumbo. Sumukuvu inahusishwa na saratani ya ini. Ni hatari ya kweli, na dawa yake ni kukausha na kuhifadhi vizuri. Si sababu ya kuacha dona ukakimbilia chipsi.

Hesabu ya nyama

Mwaka 2015 hilo shirika la utafiti wa saratani liliiweka nyama iliyosindikwa, yaani soseji, smoki, bekoni, hemu na nyama ya kopo iliyotiwa chumvi na dawa za kuhifadhi, kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Nyama nyekundu iliwekwa hatua moja chini, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa kwa siku, sawa na soseji moja ya wastani, zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Asilimia hiyo imewatisha watu kuliko inavyostahili, na wengine kwa kuikataa wakaikataa yote. Mfanyabiashara aisome kama anavyosoma bei. Asilimia 18 juu ya shilingi 400 inakupeleka kwenye 472, si kwenye 1,800. Yaani kama katika watu 100 wanne wangeugua maishani mwao, watu 100 wanaokula soseji kila siku watakaribia wagonjwa watano. Kwa mtu mmoja ni nyongeza ndogo. Ila soseji haiji peke yake. Inakuja na bia, na kiti, na kitambi, kila kimoja na nyongeza yake, na mwisho wa mwezi hesabu inasomeka tofauti.

Nyama nyekundu si ng'ombe tu. Mbuzi yumo, ambaye wengi wanamhesabu kuwa salama, na kondoo, na nguruwe pia, iwe umemwita kitimoto au jina lingine lolote. Samaki na kuku hawamo. Ushauri wa wataalamu wa kimataifa wa lishe na saratani ni kutozidi gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Kilo moja ya mbuzi choma mkila wawili, ukitoa mifupa na maji yaliyopotea motoni, kila mmoja amekula gramu 250 au 300 kwa mkao mmoja. Jioni mbili za namna hiyo, posho ya wiki imekwisha. Kuhusu moto wenyewe: nyama iliyoungua hadi kuwa nyeusi hutengeneza kemikali zinazoshukiwa kudhuru utumbo, hivyo sehemu zile za mkaa ambazo baadhi yetu tunazigombea ni bora zibaki kwenye ubao.

Kiti, glasi na kitambi

Pombe imethibitishwa kuwa chanzo cha saratani hii, na haijali rangi wala nchi ya chupa. Bia, konyagi, waragi na divai zote zina kitu kimoja kinachodhuru, ambacho ni kilevi chenyewe. Unavyozidisha, hatari inazidi, na wanaokunywa vinywaji vitatu au zaidi kwa siku ndio ambao ongezeko lao linaonekana wazi zaidi. Sigara nayo imo kwenye orodha. Wengi wanaijua kwa mapafu tu.

Kukaa ndiko kunakostahili maneno zaidi, kwa sababu hakuna anayekuhesabu kuwa ni kosa. Dereva, tanboi wake, wakala wa forodha na mwenye duka la kubadilisha fedha wanashinda kwenye kiti, na wakinyanyuka wanapanda bodaboda hata kwa umbali wa kutoka geti moja hadi jingine. Mwili usiotembea una hatari kubwa zaidi ya saratani ya utumbo mpana, hata kwa mtu mwembamba. Mafuta yanayokusanyika kiunoni yanaiongeza tena, pamoja na kisukari cha ukubwani. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuchangamsha mwili. Foleni ya malori inazitoa dakika hizo bure, kama kuna wa kubaki na mzigo.

Alikufa kwa tumbo

Kuna vihatarishi ambavyo hakuna sahani itakayovibadilisha. Umri ni cha kwanza. Cha pili ni ukoo. Mtu ambaye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake amewahi kuugua saratani hii ana hatari inayokaribia mara mbili ya mwingine, na zaidi kama mgonjwa huyo alikuwa chini ya miaka 50. Zipo pia koo chache zenye kasoro ya kurithi ambayo huleta saratani hii ujanani, wakati mwingine pamoja na ile ya mji wa mimba. Nao walio na ugonjwa wa muda mrefu wa uvimbe na vidonda vya utumbo mpana wanahitaji kufuatiliwa kwa miaka.

Ugumu ni kupata habari yenyewe. Katika familia zetu marehemu "alikufa kwa tumbo", au alirogwa kwa sababu ya mali, na mazungumzo yakaishia hapo. Ni vizuri kumuuliza shangazi au mjomba aliyemuuguza: alikuwa anapata damu? Alifanyiwa upasuaji? Alikuwa na umri gani? Kama majibu yanaelekea kwenye utumbo, wataalamu wanashauri uchunguzi uanze ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougua ndugu huyo, kutegemea lipi linatangulia. Kwa mtu asiye na historia hiyo, Marekani mwaka 2021 ilishusha umri wa kuanza kutoka 50 hadi 45, baada ya kuona vijana wanazidi kuugua.

Kwetu nako hospitali zinapokea wagonjwa wengi walio chini ya miaka 50. Sababu mojawapo ni ya kihesabu tu, kwamba idadi ya watu wetu ni vijana. Lakini kwa kijana mwenyewe aliye na dalili hilo halimpunguzii kitu, na "wewe bado mdogo" si jibu la kitabibu.

Kwa asiye na dalili, kipo kipimo cha kutafuta damu iliyojificha kwenye kinyesi. Ni nafuu na hakihitaji kamera, ila hurudiwa kila mwaka, na kikionyesha damu lazima kamera ifuate. Aliyekwisha kuiona damu kwa macho asipoteze pesa kwa kipimo hicho. Aombe moja kwa moja kolonoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana. Wanaume wengi, na niseme wazi kwamba tunaoongoza kwa hili ni sisi, wanakwepa kipimo hicho kwa aibu. Hufanyika kwa dawa ya kutuliza, kwa kawaida huchukua chini ya saa moja, na polipu ikionekana inakatwa hapo hapo.

Huduma za saratani zipo Mulago kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, Ocean Road na Muhimbili, Bugando kwa watu wa Mwanza na ng'ambo ya ziwa, KCMC Moshi kwa wanaopita Namanga na Holili, Kenyatta jijini Nairobi na Moi mjini Eldoret kwa njia ya Malaba. Kwa upande wa Rwanda kuna Butaro, wilayani Burera, si mbali na mpaka wa Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2012. Katika mgawanyo wa vituo vya umahiri vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, saratani ilikabidhiwa Uganda, moyo Tanzania, figo Kenya, na lishe Burundi.

Mgawanyo huo ni mzuri kwenye karatasi, lakini kadi nyingi za bima za taifa bado zinaishia getini, mahali ambapo gunia la maharage linapita. Mpaka hilo litakapobadilika, mgonjwa ndiye mbeba mafaili. Ukipimwa nchi moja na unajua wiki ijayo utakuwa nyingine, usiondoke na maneno ya mdomo. Omba nakala ya ripoti ya kamera, na kama kipande cha nyama kilikatwa, nakala ya majibu ya maabara pia. Hakikisha jina limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho unachovukia mpaka, maana faili lenye jina lingine, hospitali ya ng'ambo italianza upya.